Petroli Haipozwi Kama Maji

Siku ya kwanza kazini sikuulizwa najua nini. Tajiri wangu, Mhindi mwenye duka la nguo mjini na shamba la mboga Ganjoni, aliuliza moja tu.

"Bi Zuhura, wavuta sigara?"

"Sivuti. Natafuna tambuu."

"Tambuu haiwaki moto. Shika funguo."

Zilikuwa funguo za banda la petroli. Wanaume wawili kabla yangu walifukuzwa kwa kuwasha sigara mlangoni pake. Ilikuwa wakati wa vita, petroli yatolewa kwa cheti, na pampu ya kisimani hainywi kitu kingine. Isipokwenda pampu, mchicha na mabiringani ya kuuza sokoni Marikiti yanakauka, na sisi tuliokula kwa shamba lile twaenda zetu. Nilikuwa mjane, watoto watatu. Sikuwa na pa kwenda.

Kusoma sikusoma ila chuoni, Kurani. Kazi nilifunzwa na Fundi wa mashine, Mrabai asiyecheka. "Tia tone kwenye karatasi," alisema. "Likikauka bila alama, ni petroli. Likiacha doa, wamechanganya mafuta ya taa. Rudisha, hata muuzaji akiapa." Nilirudisha, na waliapa kweli. Akanikataza kutumia debe lililowahi kutiwa mafuta ya nazi, kwani hata ulioshe, utando hubaki ukaziba njia za mashine. Debe lisijazwe hadi mdomoni, petroli hutanuka kwa joto. Na la zamani litangulie kutumika, maana petroli huchacha: ikikaa miezi, harufu hugeuka kama ya rangi ya mbao.

Kaskazi ya mwaka wangu wa pili jua liliwaka hata bati la banda likawa linalia. Nikafanya tufanyavyo kwa mtungi wa maji. Nikalowesha magunia, nikayafunika madebe yapate baridi. Nikajiona hodari.

Siku ya tano pampu ikakohoa, ikanyamaza. Fundi akafungua kabureta, kile kikombe kinachopokea petroli, akakuta maji. Tajiri akaja mbio.

"Muuzaji katutilia maji! Leo hii namshitaki, akanyang'anywe leseni."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Ningeweza kunyamaza.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Niliyafunika madebe kwa magunia mabichi."

Fundi akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. "Umeipoza! Na ndimu umeikamulia?" Kisha akanieleza: mchana debe hutanuka, jioni likipoa huvuta pumzi kwenye kifuniko, na maji yaliyotuama juu huingia na ile pumzi.

Tajiri hakucheka. "Mwaga yote. Kisha funguo zangu."

"Simwagi," nikasema. "Maji ni mazito, yatakaa chini. Nipe hadi alasiri. Mashine ikikataa, funguo hizi hapa."

Nikayaacha madebe yatulie, mtu asiyaguse. Baada ya adhuhuri nikainyonya petroli ya juu kwa mpira, taratibu, nikaichuja kwa ngozi laini aliyonipa Fundi, inayopitisha petroli na kuzuia maji. Ya chini nikaiacha. Fundi akakausha kabureta, akavuta kamba. Kimya. Akavuta tena. Ya tatu pampu ikanguruma, maji yakaja mferejini.

Tajiri akanyoosha kidole. "Na hiyo ya chini?"

"Ya kuoshea vyuma. Mashine haionji."

Akaenda zake bila kuuliza funguo. Nilikaa nazo hadi magoti yalipokataa kazi.

Sasa nakaa nyumbani. Mjukuu wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akata nyasi za watu kwa mashine. Jana nimekuta petroli kwenye chupa ya soda, juani, karibu na jiko langu. Nimemuuliza ni ya nani, ati hajui. Chupa nimeiweka kivulini, mbali na moto. Mashine yake nimeifungia chumbani mwangu, na haitoki mpaka aseme ni yake.