Kofia Ambayo Bwana Wafula Hakuivua

Wiki iliyopita kijana mmoja wa ofisini kwetu aliingia amevaa kofia ya pama, ile ya sufu nzito yenye ukingo wa kuzunguka na utepe mweusi. Akaikung'uta theluji na kuiweka juu ya hita ikauke. Haukupita muda chumba kizima kikanuka sufu iliyolowa, harufu ya kondoo aliyenyeshewa, imechanganyika na mafuta ya nywele na vumbi la kabatini. Kijana akatutangazia kwamba kofia za kiungwana za wanaume zinarudi, na kwamba si muda mrefu mwanamume wa maana hatatoka nyumbani kichwa wazi. Wenzangu walicheka. Mimi nilirudi miaka mingi nyuma, maana maneno hayo hayo niliyasikia nikiwa na miaka kumi, na wakati ule pia sikuyaamini.

Niwatahadharishe mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisifia mapishi, huwa najiuliza anataka kuniomba nini. Hayo nimeyarithi kwa Koko, nyanya yangu mzaa baba. Sisi watu wa Uvira nyanya tunamwita koko. Tulikuwa watatu katika nyumba ya kupanga pale mtaa wa Phillips, Minnesota, ghorofa ya pili: Mama, Koko na mimi. Baba alifia katika kambi ya wakimbizi Tanzania kabla safari yetu haijakubaliwa, kwa hiyo Koko alikuja Marekani kama mama mkwe wa mjane, bila mtoto wake hata mmoja wa kumzaa. Alikaa dirishani akiulinda mtaa wote. Alimshuku mleta barua, alikishuku kile kidude cha darini kinacholia ukikaanga samaki, na maziwa ya dukani aliyashuku kuliko vyote, kwa sababu yalikaa wiki mbili bila kuganda.

Bwana Wafula alitufikia na theluji ya kwanza. Alikuwa Mkenya, nesi katika nyumba ya kutunzia wazee ambako Mama alifanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha. Jioni hiyo gari la Mama lilikuwa limekataa kuwaka, naye akamleta hadi nyumbani, na Mama kwa adabu akamkaribisha chai. Nakumbuka alivyoingia. Alikuwa mrefu, mpole wa macho, kofia yake ya kijivu ameishika mkononi. Akavua viatu, akavua koti, akafungua skafu. Kisha Mama akamwonyesha Koko pale kwenye kiti chake, akasema, "Huyu ni Mama yangu." Mara ile ile yule bwana akairudisha kofia kichwani, akaivuta hadi karibu na masikio, na hakuivua tena mpaka alipoaga.

Mnaweza kudhani ni jambo dogo. Kwa Koko halikuwa dogo. Kwao mwanamume akiingia nyumba ya watu huvua shapo, kofia yake, mlangoni. Marehemu mumewe alikuwa mwalimu, na ya kwake aliitundika kabla hata hajasalimia. Tena mwanamume anayemtaka mjane haendi kwa mjane kwanza. Huenda kwa watu wa marehemu, kichwa wazi, akaomba. Na watu wa marehemu, katika jimbo zima la Minnesota, walikuwa ni Koko peke yake. Ikiwa huyu Mkenya angekunywa chai yetu na kumchukua mkamwana wake bila kumwona yeye kuwa ni mtu, basi Koko alikuwa nani katika nyumba ile?

Swali hilo hata mimi nililijua, kwa sababu nilikuwa nimelisikia kanisani. Kanisa letu liliazima jengo la wenyeji, tukaabudu saa nane mchana wao wakishamaliza. Siku moja nilikuwa chini ya meza ya jikoni nikitafuta kifuniko cha chupa yangu, na juu yangu akina mama walikuwa wanamenya viazi na kumenya watu. Mmoja akasema Mama Furaha atapata bwana mzuri, ila yule mama mzee itabidi wamtafutie pa kwenda, maana mwanamke haingii kwa mume mpya amembeba mama wa mume wa zamani. Wengine wakaguna kwa kukubali. Mimi ndiye Furaha. Nilibaki pale chini nikiwa nimekishika kifuniko, nikaamua kwamba nitamtafutia Bwana Wafula kosa mpaka nilipate.

Kosa lilikuwa wazi juu ya kichwa chake. Alianza kuja kila Jumapili baada ya ibada, na kila Jumapili alikula, akanywa, akacheka na kofia yake imekaa palepale. Mama alipomuuliza, alijikuna shingo akasema ni mtindo tu, kofia za classic zinarudi, hata Woodbury madukani zimejaa. Alilisema jambo hilo haraka mno. Koko alinitazama, nami nikamtazama. Msema kweli hana haraka, ndivyo alivyokuwa akinifundisha.

Basi nikaanza kupeleleza kama kofia zinarudi kweli. Kila asubuhi kwenye basi la shule niliwakagua wanaume wa Lake Street. Niliona kepu za timu za mpira, niliona boshori za kufunika hadi shingo, niliona makoti yenye kofia zake za manyoya. Kofia za pama niliziona kwa vijana wachache wenye ndevu nyingi, na vijana hao wanafunzi wenzangu waliwacheka hadi kioo cha basi kikaingia ukungu. Mama alipotupeleka Woodbury kununua viatu vya theluji, nilimwongoza Koko hadi kwenye rafu ya kofia. Zilikuwepo kweli, zimevalishwa vichwa vya plastiki visivyo na macho, na bei imekatwa mara mbili. Tulisimama pale muda mrefu. Hakuna mwanamume hata mmoja aliyesogea. "Kitu chenye kurudi kinaonekana mu njia," Koko akasema, na kesi ikawa imefungwa.

Lililobaki ni kujua kinachofichwa. Koko alikuwa na dhana nyingi, na alizibadilisha kulingana na hali ya hewa. Kukiwa na jua, aliona labda ni kovu la kupigwa na mume wa mtu. Kukiwa na upepo, alisema kuna watu wanaochanjwa dawa utosini na hawataki ionekane. Mimi niliota usiku kwamba ana macho mengine huko juu, na yananiangalia kupitia utepe. Mama alitucheka wote wawili. Siku moja, katika kucheka kwake, akasema bila kufikiri kwamba kichwa cha Bwana Wafula anakijua vizuri, ni kipara cha kawaida, kwani kazini hiyo kofia haivai kamwe.

Koko aliacha kuchambua sombe, majani yetu ya muhogo. "Kwa wazungu anatoa," akasema taratibu. "Kwetu anavaa."

Mama akaacha kucheka. Nilimwona uso ukimbadilika, nikajua kwamba sasa hata yeye ameingiwa na shaka. Sina haja ya kuwaficha, nilifurahi. Niliona Koko wangu ameshinda na hatakwenda popote.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya baridi ile inayofanya pua ikauke ndani. Meza ilikuwa imejaa: ugali, sombe, na ndagala, dagaa wa kwetu, ambao Mama aliwaagiza kwa mtu aliyetoka safari. Bwana Wafula alikuja amevaa suti, na hilo pia nilikuwa nimelitilia mashaka. Tulipoinamisha vichwa, Koko hakuinamisha chake. Alisema katika nyumba ya mtoto wake hakuna atakayemwomba Mungu na shapo kichwani, na kwamba chakula kitapoa mpaka kesho ikibidi.

Bwana Wafula alimtazama Mama, akautazama ukingo wa kofia yake kwa juu kana kwamba ndio unaoweza kumsaidia. Kisha akasimama, akasema samahani, akafungua mlango wa nyuma na kutoka kwenye ngazi za nje, kwenye theluji, bila koti. Nilikimbilia dirishani. Alikuwa ametupa mgongo. Alivua kofia, akaishika kifuani, akainamisha kipara chake, kipara cha kawaida kabisa, chembe za theluji zikitua na kuyeyuka juu yake. Midomo yake ilikuwa inatembea. Alipomaliza akaivaa tena, akaingia ndani na kukaa kitini, akitetemeka.

Koko aliweka mikono yote miwili mezani. "Wafula, ku kichwa yako kuko nini, Mungu aone, miye nisione?"

"Ni kipara tu, Mama."

Akaeleza akiwa ameyainamisha macho. Alisema kwao, magharibi mwa Kenya, kipara cha mwanamume hakionwi na mama mkwe wake. Ni aibu kubwa, ni kama kusimama mbele yake bila shati. Mwanamume hukaa na kofia yake mpaka atakapompelekea mama mkwe kuku, na mama huyo akishampokea kuku ndipo kofia hutoka. Siku ile ya kwanza, Mama aliposema huyu ni Mama yangu, mkono wake uliipandisha kofia wenyewe. Na akishaulizwa sababu, angeisema vipi? Ingekuwa ni kuposa kabla hajaruhusiwa. "Sikutaka ku-assume," akasema. "Nikasema ni fashion."

Mama alikuwa anaitazama sahani yake. Masikio yake yalikuwa yamewiva.

"Miye si mama ya uyu mwanamuke," Koko akasema. Sauti yake haikuwa ile ya dirishani. "Miye nilizaa bwana yake. Bwana yake alikufa."

"Najua. Aliniambia kitambo." Bwana Wafula akainua macho kwa mara ya kwanza. "Lakini anakuita Mama, na unakaa kwake. Mimi sina mama mkwe mwingine. Nikikuruka wewe, nitamwomba nani?"

Hita ya ukutani iligonga mabomba yake, ugali ukaendelea kupoa. Koko alivuta ncha ya kitenge akajifuta mdomo, ingawa alikuwa hajala kitu. Kisha akasema kama mtu anayedai haki yake sokoni.

"Basi, kuku iko wapi?"

Bwana Wafula alimleta kuku Jumamosi. Alikuwa amethubutu kuuliza kama wa dukani, wa kwenye barafu, atafaa, na jicho alilopigwa na Koko lilimfikisha mpaka kwa mkulima mmoja mbele ya mji wa Savage. Kuku alikuja hai ndani ya katoni yenye matundu, amefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele cha gari. Koko alimpapasa kifua, akampima uzito kwa mikono, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Yaliyompata kuku yule baadaye katika bafu letu siyasemi, maana mwenye nyumba bado yu hai. Bwana Wafula akapiga magoti kwenye zulia, akavua kofia. Koko alikitazama kichwa kile kwa muda mfupi sana, kisha akageuza uso pembeni. "Basi," akasema. "Vaa, utashikwa na mafua."

Walioana majira ya kuchipua. Kofia hazikurudi, kijana wa ofisini kwetu ningeweza kumwambia hivyo, lakini nimemwacha ajionee. Baba Wafula mwenyewe siku hizi anavaa boshori kama wanaume wote wa mji huu, na huivua mbele ya yeyote.

Mwezi wa saba tulihamia Savage, kwenye nyumba yenye ngazi ndani na chumba cha Koko upande wa jua. Siku ya kuhama Mama aliingia chumbani kwa Koko na maboksi matupu ili amsaidie kufunga vitu, nami nikamfuata. Hapakuwa na kitu cha kufunga. Kabati lilikuwa tupu. Mama akavuta sanduku kubwa kutoka chini ya kitanda, nalo lilikuwa limejaa, zipu imefungwa na kamba imezungushwa. Akalifungua. Juu kabisa yalikuwa yamelala mabuti ya theluji na koti zito, chini yake vitenge, na katikati, imeviringishwa ndani ya sweta, picha ya Baba. Mama alikaa chini sakafuni, akaanza kulia. Mimi nilimsifu Koko kwa sauti kwamba ametushinda sote, kwamba yeye ndiye aliyekuwa na hamu zaidi ya nyumba mpya, na Koko akanipapasa kichwa akasema ndiyo, ni hamu.

Nilikuwa mtu mzima kabla sijajiuliza ni nani anayefunga safari mwezi wa saba, katika joto lile, akaweka mabuti ya theluji juu. Lile sanduku lilifungwa wakati wa baridi. Miezi yote ile niliyodhani tunamwinda Bwana Wafula pamoja, Koko alikuwa anavaa vitenge viwili kwa zamu, anavifua usiku, na vingine vyote vilikuwa chini ya kitanda, vikingojea siku atakayoambiwa aondoke.