Maman Mwavita Amefumba Macho

Wauza sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, wamejaa Kamembe, lakini anayepima bila kumpunja mtu ni mmoja tu, na ni wa kwetu: Maman Mwavita, mke wa Osée. Bisha ukitaka.

Basi macho yake yakaanza kujifunga yenyewe. Misuli ya kope ilijikaza ikagoma kuachia, hata katikati ya maongezi, na jua likiwaka ndiyo zaidi. Osée akawa anamvusha barabara kwa kumshika mkono kama bibi harusi, wenye pikipiki wakiwapigia honi.

Sasa, kwa sala hatuna mpinzani. Sokoni walipomwona kafumba macho mbele ya beseni, wakadhani anasali, wakapunguza sauti kwa heshima. Siku moja Umuhire, muuza nyanya, akamwinamia sikioni.

“Maman, uko naomba? Weka na mutoto wangu mu sala. Anakataa kutembea.”

Mwavita afanyeje? Akamwombea kweli. Kesho yake wakaja wengine.

Osée alicheka mpaka akashika mbavu. “Sasa niko bwana ya nabii!”

Mwavita hakucheka. “Papa Osée, nataka kuona sura ya batu. Lakini macho ikifunguka, bataniita mwongo. Na Umuhire atapeleka shida yake kwa nani?”

Walikwenda Kigali hata hivyo. Daktari akamchoma visindano vidogo kuzunguka macho, dawa ya kulegeza ile misuli. Akawaonya: haifanyi kazi papo hapo, na baada ya miezi mitatu hivi nguvu yake huisha, warudi tena. Osée, msomi wetu wa darasa la tano, hakungoja hata wafike kituo cha basi.

“Unaniona?”

“Nakuona tangu zamani. Ndiyo taabu yangu.”

Wiki iliyofuata kope zikatulia. Umuhire akaja, mtoto mgongoni, akasitasita.

“Maman, funga basi macho. Niko na shida.”

Mwavita akamweleza yote, ugonjwa na sindano. “Sikukuwa naomba, mwanangu, mpaka uliponiambia. Toka siku ile sijaacha.”

Umuhire akafungua kitenge, akamweka mtoto mapajani mwa Mwavita, kando ya samaki.

“Basi omba ukimwangalia.”

Akaomba hivyo, macho wazi, mkono ukipita polepole kwenye vile vijiguu.

“Amina,” akasema. “Huu mguu wa kushoto unajipinda. Kesho tunamupeleka kwa muganga wa hospitali, mimi na wewe.”