Mugeni Anapewa Mukia

Krrrap!

Hadi leo nikisikia mutu anapasua muwa, ninageuka. Ni mulio uleule: kisu cha jikoni kinashuka katikati ya mugongo wa kitabu, gundi inalia, nyuzi zinakatika moja moja, na yaya Mapendo, dada wa nyumba ya juu, ameuma ulimi pembeni ya mudomo kama daktari anayepasua tumbo. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumefika Bukavu kutoka kijiji cha Miti siku nne tu zilizopita, na jambo la kwanza nililoliona katika muji mukubwa ni musichana anachinja kitabu huku wenzake wanapiga makofi.

Enzi zetu, ninyi wa rika langu munajua, kitabu hakikusomwa na mutu peke yake kama anayekula yai amejificha nyuma ya mulango. Nasema enzi zetu, na siyo eti mimi ni muzee. Miaka yangu haijafika makumi matatu. Lakini siku hizi mutu anazeeka kila mara simu mupya inapotoka.

Kwetu, mutaa wa Kadutu, nyumba zimekaa juu ya mabega ya nyumba nyingine. Ukimwaga maji ya vyombo, yanaosha mulango wa jirani wa chini. Nyumba yetu ilikuwa chini ya nyumba ya yaya Mapendo, kwa hiyo nilijua maji yake kabla ya kujua sura yake. Siku ile maman alikuwa amenituma nipande nikalalamike: maji ya sahani yao yalikuwa yameingia mpaka kwenye unga wetu. Nikapanda ngazi za udongo nimekunja uso, nimeshika maneno yangu vizuri kichwani. Nikakuta wasichana sita wamekaa kwenye ngazi, na yaya Mapendo, mukubwa wao, mwenye miaka kumi na nne na shingo ndefu, ameinua kisu.

"Wewe nani?"

"Niko Nsimire. Ya chini. Maji yenu..."

"Unajua kusoma?"

Nikasema ndiyo. Ilikuwa kweli nusu. Nilisoma kwa kidole, neno kwa neno, na neno refu nililizunguka kama mutu anavyozunguka shimo la maji njiani.

"Basi njo ukae."

Maneno ya maji yakanipotea. Maman mwenyewe alipata jibu la yale maji baada ya miezi miwili.

Desturi ilikuwa hii. Papa yake Mapendo alikuwa mulinzi wa biro, yaani ofisi moja, na wakubwa wa pale wakihama walimuachia vitabu, badala ya ile redio aliyoiomba. Kitabu kikifika, Mapendo alikisoma chote kwanza, kisha anakikata vipande vitatu kama tilapia: kichwa, tumbo, mukia. Watatu wanasoma kwa mara moja, halafu wanabadilishana, mpaka samaki anazunguka kundi lote. Na kusifia kitabu hakukuwa kwa maneno mengi. Kitabu kilipimwa kwa sufuria, maana tulisoma huku tunapika. "Hii iliniunguzia sufuria moja," maana yake ni kitabu kizuri. "Hii iliniunguzia tatu, na nikachapwa," hapo wote munagombania zamu. Maman zetu walijua. Wakinusa sombe, yale majani ya muhogo, inaungua kwa jirani, walisema: "Eh, kumbe kitabu kipya kimefika." Maman yangu aliongeza: "Endelea tu. Macho yako yatakwisha kama sabuni."

Kitabu cha siku ile hakikuwa na ganda, hatukujua hata jina lake. Tulikiita "Tausi". Tausi alikuwa musichana mwenye wachumba wawili, fundi wa kushona na shofere wa kamio, yaani dereva wa lori, na alikuwa na koko yake, mama ya mama yake, mugonjwa wa miguu, aliyempenda sana. Swali lilikuwa moja: ataolewa na nani? Yaya Mapendo alikuwa amewaonjesha mwanzo, na hilo swali lilikuwa limepasua kundi kabla ya kisu. Nabintu, ambaye maman yake alikuwa na mashine ya kushona, alikuwa kiongozi wa upande wa fundi. Zuhura, ambaye papa yake alileta vitenge kutoka Uvira kwa kamio, aliapa kwamba hakuna musichana mwenye akili anayeacha shofere.

Yaya Mapendo akanipa kipande cha mwisho. "Mugeni anapewa mukia. Na sheria iko moja: mwenye mukia hasemi mwisho. Ukisema, unashuka hii ngazi na haurudi tena."

Nilishuka ninalia. Nikamuambia maman: "Ata ku vitabu banatupatia mukia!" Maman hakuinua hata macho kwenye maharagi. "Mukia pia ni samaki. Kula."

Nikala. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa na namba mia moja ishirini na moja, na ulianza hivi: naye akajibu "Kamwe!" akafunga mulango. Nani? Mulango gani? Siku tatu nilimutafuta yule mutu aliyefunga mulango. Nilisoma ukurasa kwa siku, na siku ya Mungu, Jumapili, kurasa mbili. Watu walilia na sijui wanalia nini, walisameheana na sijui walikoseana wapi. Lakini nilikuwa napenda hivyo hivyo, kama mutu aliyefika kwenye sherehe amechelewa na anacheka kwa sababu wote wanacheka.

Halafu mambo ya ajabu yakaanza. Mimi ambaye Bukavu nzima hakuna aliyejua jina langu, nikawa mutu wa maana. Nikienda ku robine kuchota maji, Zuhura ananibebea bidoo yangu ya maji mpaka mulangoni. Anachomoa vitumbua viwili vya maman yake, vya moto, vinanukia iliki, ananiuliza kwa sauti ya mutu wa kanisa, ingawa yeye alikuwa wa musikiti: "Nsimire, muzuri wangu. Sitaki useme. Kohoa tu. Kama ni shofere, kohoa." Niliogopa kukohoa mwezi muzima. Hata nilipopata mafua kweli, nilikohoa nimefunika kichwa kwa kitenge.

Nabintu yeye hakuleta vitumbua. Alitembea na mimi tu kwenda shule, alinionyesha njia isiyo na matope, na waliponicheka sababu ya namna yangu ya kusema ya Miti, aliwaambia: "Mumuache. Eko na mukia." Akawa rafiki yangu wa kwanza. Alikuwa amemaliza kichwa na tumbo, na zamu ya mukia ilikuwa yake baada yangu. Alinisubiri. Na mimi na kidole changu, polepole, kama konokono anapanda mulima wa Kadutu.

Siku moja ya Ijumaa, ku robine, akanishika mukono.

"Nsimire, papa amepata kazi ku Minova. Tunahama kesho asubui. Kamio iko tayari."

Akanivuta pembeni ya foleni.

"Niambie jina moja tu. Fundi ao shofere? Minaapa, sitaambia mutu. Minakufa na hii swali mu Minova!"

Mambo ambayo Nabintu hakuyajua ni haya: mimi pia sikujua. Kurasa kumi na tisa zilikuwa zimebaki. Kwa kidole changu ni zaidi ya majuma mawili. Kama si uvivu wa kidole kile, angekuwa amesoma zamani, na kuondoka moyo mweupe. Sikuweza kumuambia hata hilo. Wote waliamini mwenye mukia anajua mwisho, na mimi nilikuwa nimekula vitumbua vya siri nisiyokuwa nayo.

Nikachomoa mukia ndani ya kitenge changu. "Kamata. Soma leo yote. Kesho nitakuja kuichukua kabla kamio haijaenda."

Alinikumbatia mpaka bidoo ikaanguka.

Asubuhi yake maman akanishika na kazi ya kufagia. Nilipofika barabarani ninahema, kamio ilikuwa inakata kona. Nabintu alikuwa juu kabisa, amekaa kwenye magodoro, anapunga kitu cheupe kwa mikono miwili, anapiga kelele. Na mimi nikapunga. Nikasema moyoni, ona jinsi ananipenda, anapunga mpaka kitambaa cha kichwa. Kamio ilipopotea ndipo nikakumbuka kwamba Nabintu hakuwa na kitambaa cheupe.

Muchana kundi likakutana. "Zamu ya mukia," yaya Mapendo akasema. "Nsimire, lete."

"Iko... imeenda ku Minova."

"Mukia inaenda ku Minova inafanya nini?" Zuhura akaruka. "Iko na famili kule?"

Wote wakamugeukia Mapendo, maana yeye alikuwa amesoma chote. Akakunja mikono. "Mie kinywa yangu iko kufuli, munajua. Mwenye mukia ndiye mwenye mwisho. Na kwa sababu mukia imepotea, leo tu sheria inalala. Nsimire, simama, utuambie."

Nikasimama. Ningeweza kusema kweli: sikumaliza, nasoma kwa kidole. Lakini niliona tayari vicheko vyao, "mugeni wa Miti hajui kusoma", na ngazi ile ninashuka, na kukaa tena peke yangu chini, napokea maji ya vyombo. Nikafungua kinywa.

"Tausi," nikasema, "akaolewa na fundi." Kwa heshima ya Nabintu. Upande wa fundi wakapiga vigelegele. Nikaeleza robe, gauni ya harusi, jinsi fundi aliishona na vifungo arobaini, na kila kifungo alikibusu. Sijui nilivitoa wapi. Halafu nikamuona Zuhura. Mudomo wake wa chini ulikuwa unatetemeka. Nikakumbuka vile vitumbua vyote.

"Na shofere," nikasema haraka, "shofere akaoa koko."

 

"Koko gani?" Zuhura akauliza. "Ile ya miguu?"

"Ile ile. Si alikuwa anamupeleka ku hospitali kila juma? Mapenzi ikaanzia mule ndani ya kabini ya kamio. Na miguu ikapona."

Zuhura akafikiri. Akafuta macho. Halafu akaruka hewani: "Niliwaambia! Shofere hawezi kukosa!" Tukacheza kwenye zile ngazi mpaka maman yake Mapendo akatumwagia maji. Kwenye moto wake sufuria ya tano ya kitabu kile ilikuwa imeungua.

Jioni kabla ya giza, yaya Mapendo akaniita nimusaidie kusugua ile sufuria. Alisugua kidogo, akasimama, mabega yanatikisika. Nilifikiri analia.

"Koko na shofere!" akapasuka. "Weye! Koko na shofere!" Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majivu.

Nikajua amejua. Nikasema kweli yote, kidole na kurasa kumi na tisa. Nikauliza nishuke ngazi lini.

"Ushuke ufanye nini? Unazani kwa nini mugeni anapewa mukia?" Akafuta masizi usoni, akaongeza mengine. "Mutu mupya, hakuna anayemutafuta. Sasa ukimupa kitu ambacho wote banataka, batamutafuta. Batamubebea maji. Batajua jina lake. Siku ile mwisho inajulikana, eko tayari na marafiki." Halafu akanisogelea. "Unataka nikuambie mwisho ya kweli?"

Nilitaka kuujua mpaka kufa. Lakini nikatikisa kichwa. Sheria ilikuwa imeamka.

Nabintu aliniambia baada ya miaka kwamba maman yake alifungia karanga za kuuza kwa ule mukia, ukurasa kwa ukurasa. Mwisho wa Tausi uliliwa na watu wa Minova, pamoja na chumvi. Yeye aliusoma juu ya magodoro, na hajaniambia. Zuhura yuko Uvira na vitenge vyake, na mabinti zake wote wanajua habari ya koko aliyeolewa na shofere.

Leo tuko na grupu ya wasomaji kwenye simu, watu mia na zaidi. Vitoto vya leo vina vitabu elfu ndani ya mufuko wa suruali, na havijaunguza hata sufuria moja. Wakipenda kitabu wanaweka moyo mwekundu. Wakikipenda sana, mioyo mitatu. Mugeni akiingia anarushiwa maua, karibu karibu karibu, na baada ya dakika tano hakuna anayekumbuka aliingia. Juzi aliingia binti wa Bunyakiri, anaitwa Neema. Aliandika "Bonjour, niko mupya." Maua arobaini. Tangu pale hajaandika kitu. Na tunapokutana siku ya Mungu muchana, anakaa karibu na mulango, viatu vimeelekea inje.

Juma lililopita nilikuwa ku soko ya Kadutu, kwa muuzaji anayetandika vitabu vya zamani juu ya gunia. Nikaokota kimoja, nikakifungua pale mukia unapoanzia, kwa mazoea. Naye akajibu "Kamwe!" akafunga mulango. Nikapiga kelele mpaka muuzaji akaangalia kama kuna nyoka. Kizima! Na ganda lake! Nilirudi nyumbani nimekishika kwa mikono miwili.

Nilifunga mulango. Siku hizi nasoma bila kidole; kurasa kumi na tisa ni kazi ya chai moja. Nilikaa na kitabu kwenye magoti. Chai ikapoa.

Halafu nikaenda jikoni nikachukua kisu, nikauma ulimi.

Krrrap.

Mukia nikaufunga na kipande cha kitenge, nikaandika juu yake: Neema. Mimi nitangoja zamu yangu.