Wazungu Wanne na Mmoja wa Akiba

Mwanangu, ipo siku moja ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, hadi mama yako anakuja mlangoni kuangalia kama niko sawa. Ni siku ile askari aliponisimamisha na baiskeli kwenye kizuizi cha barabara, akaniuliza nimebeba nini, nami nikamjibu kwa adabu zote kwamba nimebeba Wazungu wanne na mmoja wa akiba.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana ulikaa hapo kwenye kochi langu na hiyo simu, ukitazama mambo ya vita vya zamani, ukawa unanisomea ndege za mabomu za Waingereza ambazo hazikurudi. Siku hii zimeenda kadhaa, siku ile kadhaa, kila moja na vijana wake ndani. Ulizisoma kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. Ulifika mahali ukasema, "Eish, hapa walinyoroshwa vibaya," ukaenda jikoni kutafuta chai. Sikukukemea, maana mtu mwenye njaa hasikii. Sasa umeshiba, kaa chini.

Moja ya ndege hizo ni yetu. Ilianguka ziwani mbele ya Sindo, nilikozaliwa. Dani, yaani nyanya yangu aliyemzaa baba, alikuwa ameolewa juzi tu, yuko ufuoni anaanika omena, dagaa wetu. Akaiona inakuja chini chini ikitoa moshi, na kwenye kioo cha ubavuni akamwona kijana mmoja akimpungia mkono. Kisha ikaingia majini. Wanaume walipiga makasia mpaka pale wakakuta mafuta yanaelea na kiatu kimoja, basi. Tangu hapo mahali pale panaitwa Kwa Ndege, na ukipitisha nyavu unazitoa zimeraruka.

Babu yangu hakuwa na shida na ndege. Shida yake ilikuwa ule mkono. Alikuwa akiuliza, "Mtu yuko karibu kufa, anapata wapi nafasi ya kupungia mke wa mtu?" Waligombana juu ya mkono huo maisha yao yote. Dani akiudhiwa alisema, "Hata yule wa ndege alikuwa na heshima kuliko wewe," na babu anabeba kiti chake anaenda kukaa na mbuzi. Mimi nimekua nikidhani kila nyumba ina Mzungu wake wa kugombania.

Basi nikamaliza shule. Sina kazi, sina shamba, nina Kiingereza tu. Ndipo akaja Sindo mama mmoja Mzungu aitwaye Jeni, akatafuta mtu wa kumtafsiria, nikapatikana mimi. Baba yake ndiye aliyekuwa rubani wa ile ndege, yeye na wenzake watatu ndani. Aliondoka nyumbani Jeni akiwa bado tumboni. Kwao jina lake limechongwa ukutani pamoja na majina mengi mno ya vijana wa ndege ambao hawakuonekana tena, lakini mama yake Jeni hakuuamini ule ukuta. Kila Jumapili alimwekea mumewe sahani mezani, mpaka naye akafa. Jeni aliniambia, "Ukuta ni wa watu wote. Mimi sijui nimlilie wapi baba yangu."

Tukampeleka Kwa Ndege na mtumbwi. Alikuwa amebeba maua. Akayatupa majini, mawimbi yakamrudishia mapajani. Akayatupa tena, yakarudi tena, kisha akaanza kutapika. Alifika ufuoni ana huzuni kuliko alivyokuja, na zilikuwa zimebaki siku tatu tu arudi kwao.

Dani alimtazama sana, akaniambia nimuulize walimzika wapi huyo baba. Nikauliza. Hawakumzika.

"Hata yago hawakuzika?"

Jeni akataka kujua yago ni nini. Na wewe najua hujui, kwa sababu mnajua majina ya wachezaji wa Uingereza lakini mti ulio nyuma ya nyumba hamuujui. Yago ni lile tunda refu, zito, la mti wa mwegea, linaloning'inia kwa kikonyo kama kamba. Likikuangukia kichwani tunaanza kuchanga za mazishi. Kwetu, mtu akipotea ziwani au vitani na mwili usionekane, hatumwachi hewani. Tunalivika yago sanda, tunalizika kama yeye, tunalia kilio chote, na wenyewe wanaweza kulala. Nilimweleza Jeni hayo nikitazama chini, nikijua atacheka. Hakucheka. Aliuliza polepole kama baba yake naye anaweza kufanyiwa hivyo.

"Yeye peke yake?" Dani akasema. "Na wenzake watatu wabaki majini wakimtazama? Watazikwa wote wanne, na watazikwa hapa kwangu. Ni mimi waliyempungia."

Babu akakohoa.

Wazee wakaleta lao, kwamba mwanamume mzima hazikwi bila kuwa na nyumba yake, kwa hiyo vijengwe vibanda vinne. Vijana walishaanza kukata miti babu alipouliza ndege zilikuwa ngapi. Akaambiwa moja. "Kama walitosha kwenye ndege moja, watatosha kwenye nyumba moja," akasema, na huo ndio ulikuwa mchango wake.

Mwegea wetu haukuwa umezaa mwaka huo. Nikatumwa Suna kwa shangazi yangu, na baiskeli, na hiyo barabara wakati huo haikuwa barabara. Shangazi alinichumia yago manne, akaongeza la tano, akisema moja likipasuka njiani nitamwambia nini yule mama. Akaniagiza nisiwaweke chini mpaka nyumbani, na niongee nao njiani wasije wakapotea.

Sanda nilienda kuchukua kwa Mzee Twalib, mfanyabiashara wa kutoka Lamu aliyekuwa na duka la vitambaa pale pale Suna. Akaniuliza urefu wa marehemu. Nikamwonyesha kwa mikono, hapa mpaka hapa. Akauliza ni wangapi, nikasema watano. Mzee wa watu akashika meza.

"Inna lillahi. Mapacha, mwanangu?"

"Hapana, mzee. Ni wanajeshi."

Akanivutia kiti, akaniletea maji ya kunywa, akaniuliza taratibu kama kuna mtu wa kwetu aliye karibu. Ilibidi nimweleze kuanzia omena za Dani. Nilipomaliza alikata kitambaa mwenyewe, akawakunjia mmoja mmoja kama watu, na hakukubali kulipwa.

Kesho yake alfajiri nikawafunga nyuma ya baiskeli, nikaanza safari nikiongea. Nawaambia hii ni Karungu, pale ni shule, huyu ng'ombe hana adabu msimjali. Bado naongea nikakuta kizuizi. Hapo alikuwa Sajini Njoroge, mtu wa Murang'a, mkubwa kama kabati, na alikuwa amenitazama nikija nikiongea peke yangu.

"Wewe kijana, umebeba nini?"

Ndipo nikamjibu lile jibu nililokwambia.

"Fungua."

Nikamfungua mmoja. Sajini akainama, akanusa, uso wote ukabadilika. Lazima ujue, mwanangu, kwamba kwa watu wa kwao tunda hili ni muratina, nalo kazi yake ni kuchachusha pombe. Yeye aliona mtungi mzima pale.

"Muratina," akasema. "Ati Wazungu. Umefunga pombe sanda ndio tukuogope."

"Afande, ni maiti."

"Utazinywa hizo maiti kortini."

Nilimsihi kwa Kiswahili, nikamsihi kwa Kiingereza, nikalia kidogo kwa Dholuo. Kitu kimoja tu alinikubalia. Nilimwomba asiwaweke chini, akawapanga juu ya rafu pale kituoni kama ushahidi. Mimi akanitia ndani. Dereva wa gari la samaki aliyekuwa akipita ndiye aliyepeleka habari Sindo. Nakwambia ukweli, sikuiogopa seli. Niliogopa kwamba Jeni anaondoka kesho jioni, na baba yake yuko kwenye rafu ya polisi.

Asubuhi lile gari la samaki likarudi, nyuma wamekaa Jeni, Dani na babu. Jeni akaingia kituoni, nywele zimejaa magamba, akasimama mbele ya sajini.

"Nimekuja kumchukua baba yangu."

Sajini akaenda akafungua seli, akachungulia, akanikuta mimi. Akanitazama, akamtazama Jeni, akanitazama tena. Unaona alivyojaribu kutufananisha na ikakataa.

"Siyo huyo," Jeni akasema. "Ni yule kule juu."

Aliniuliza yupi hasa ni wake, nikamtafsiria Dani. Dani akasema atakayemchukua ndiye. Jeni akachagua yule aliyepinda, akamweka kifuani kama mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Kilio kilichomtoka sijakisikia tena mpaka leo. Kilikuwa kilio cha Jumapili zote zile na sahani zake. Sajini Njoroge alivua kofia, akabaki ameishika, hajui aiweke wapi.

Dani akabeba wa kwake, babu akabeba, mimi nikabeba. Kwenye rafu akabaki mmoja.

"Na huyu?" sajini akauliza.

"Huyo ni wa akiba, afande."

Aliposema tena sauti haikuwa ya kizuizini. "Baba yangu mdogo walimpeleka Burma na jeshi la Mfalme. Hakurudi, na hakuna aliyekuja kutuambia kitu. Nyanya yangu bado yuko hai. Mpaka leo hakubali mlango wa mbele ufungwe." Akamgeukia Dani. "Mama, huyu wa akiba ana mwenyewe?"

Nikamtafsiria Dani. Akasema, "Sasa anaye."

Mchana huo tuliwazika wanne mbele ya kibanda chao. Sajini alisimama pale na wa kwake mikononi, hakutaka hata kushikiwa. Tulipomaliza, babu aliomba nafasi ya kusema, na Dani akafunga macho kwa hofu. Babu akaegemea fimbo yake juu ya kaburi.

"Wewe uliyempungia mke wangu, sijui ni yupi kati yenu. Lakini sasa mko bomani kwangu. Karibuni. Mikono muiweke chini."

Jeni alipotafsiriwa alicheka na machozi bado yanamtiririka, kisha akaketi akala ugali na samaki, akaongezwa, akaongezwa tena. Tangu afike alikuwa akidonoa tu.

Sajini alienda likizo na yago lake kwenye begi. Watu wa kwao walisemaje walipomwona akizika muratina, hilo sijui, na ningelipa nauli nikaone. Aliporudi alipitia kwetu kumsalimu Dani. Alisema tu kwamba jioni ile nyanya yake aliinuka mwenyewe, akaenda, akafunga mlango.

Sasa hiyo ndiyo sababu sikuipenda sauti yako jana, mwanangu. Sikukatazi kutazama, tazama. Lakini kila ndege unayoihesabu, kuna mlango mahali ambao haukufungwa, na kuna sahani. Ukikutana na aliyefiwa, usimpe hesabu wala maelezo, ana hayo tayari. Mtafutie mahali pa kukaa alie, hata kama ni lazima upande baiskeli. Na akikuletea desturi yake unayoiona ya kuchekesha, icheke baadaye, ukiwa mzee kama mimi, ukishaona imemsaidia.

Nyasaye, Mungu wetu, akulinde barabarani, ziwani na angani. Akupe miaka mingi na mwili wako wote. Na ikitokea umepotea tusikuone, akujalie mtu mmoja mbishi wa kukuendea Suna kukuchumia tunda, na la pili la akiba.