Mbegu za jozi kwenye friji yetu

Leo mama mkwe kafungua friji yetu, kakuta ndoo ndogo ya mchanga, kapiga yowe: "Uchawi!"

Kabla sijajieleza, mchanga wote ulishamwagwa nje ya geti na yeye anausomea dua.

Jamani, si uchawi. Ni mbegu za jozi zilizofukiwa mchangani, zile njugu za ganda gumu lililokunjamana kama ubongo. Ni za jirani yetu Mama Tumaini, mwalimu mstaafu kutoka Makete, kule kwenye baridi kali. Aliniambia bila baridi ya miezi mitatu haziamki, na hapa Kinyerezi baridi iko kwenye friji tu. Friji yake mbovu. Nikampa nafasi, ila moyoni nilimcheka.

Nikaenda kumwita, nimejiandaa kusemwa.

"Shikamoo mama. Zile mbegu... zimemwagwa."

Akanipita mbio hadi getini. Akapiga magoti mchangani na kanga yake, akachambua kama anachagua mchele.

Kisha akainua moja. Ganda limepasuka, kamzizi keupe kanachungulia.

Tatu zimeota! Ndani ya friji, jirani na samaki!

Mama mkwe akakatisha dua. "Zitazaa lini?"

"Miaka kumi hivi, bibie. Hizi nazipeleka Makete wiki hii."

Mama Tumaini akanigeukia mie. "Saba bado zimelala. Zinarudi ndani. Na samaki wako wahame, wananuka."

Mchana huu tumekaanga samaki wote.

Aliyerudisha ndoo kwenye friji ni mama mkwe mwenyewe, kwa bismillahi.

Nyie mngethubutu kukataa?