Meza ya Barazani

Yule bwana alipoletwa Temeke kuwa msaidizi wa bwana shauri, ofisa wa wilaya, tulikuwa hatujawahi kumwona mtu mweusi mwenzetu kwenye kiti kile cha Wazungu. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mwalimu wa zamani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kanzu ya Idi. Siku ya kwanza tu alimwondoa tarishi mlangoni. Tarishi yule ndiye aliyekuwa akiamua nani aingie kwa Mzungu na nani aambiwe Bwana kalala, kwa hiyo sikumsikitikia hata kidogo. Kisha akaamuru meza yake itolewe nje, akatangaza kwamba hakuna shauri litakalosikilizwa tena mlango ukiwa umefungwa. Kila mtu aone, kila mtu asikie.

Tulishangilia. Mimi nilishangilia kuliko wote, maana dada yangu alikuwa na shauri.

Dada alikuwa ameachwa. Mumewe alimpa talaka, akamwambia nyumba abaki nayo, akaenda zake Tanga. Majirani dada aliwaambia mume kaenda kutafuta kazi kwenye mkonge, atarudi, nao wakaamini. Lakini kiwanja kilikuwa kwa jina la mume, na ofisi ilishatangaza kwamba mwenye kiwanja asiyefika kabla ya mwezi kwisha, kiwanja chake atapewa mwingine. Nyumba ile dada aliikandika kwa mikono yake mwenyewe. Ili isimponyoke, ilimbidi aende akaseme kwamba mume hayupo wala harudi.

Tulikwenda. Mabenchi ya barazani yalikuwa yamejaa watu wa mtaani kwetu, hata muuza maandazi wetu alikuwapo. Dada alipoitwa mezani, yule bwana alimwuliza shida yake kwa upole, ila kwa sauti ya darasani. Dada akageuka, akawatazama watu, akasema amekuja kumsalimia tu. Bwana akamshukuru. Nilimgombeza njia nzima.

Tukaenda tena, akasema yale yale, na safari hii watu wakacheka. Kwanza nilimkasirikia dada, halafu nikaikasirikia meza. Hivi huyu bwana hana dada kwao? Nani alimwambia kwamba mtu akitaka kusikilizwa, anataka kusikilizwa na mtaa mzima?

Mwezi ulipokaribia kwisha nilimburuta tena. Mara hii alisimama mbele ya meza, akashindwa hata kusalimia, machozi yakamtoka. Yule bwana akaweka kalamu chini. Alimtazama dada, akayatazama mabenchi, na nadhani ndipo alipoelewa alichokifanya. Akainuka, akatuingiza ndani sote wawili, akafunga mlango.

Humo ndani dada alisema yote. Kiwanja kikaandikwa kwa jina lake, na yule bwana akamwahidi kwamba habari zile hazitatoka mdomoni mwake. Hazikutoka.

Jioni ile bombani maneno yalikuwa mengine. Kashaanza kufunga mlango, walisema. Kakalia kiti cha Mzungu, kapata na tabia ya Mzungu. Baada ya siku chache yakazidi: kamfungia ndani mke wa mtu, mume yuko safarini, na mdogo mtu kawekwa awe pazia. Barazani walimwuliza yule bwana kulikoni, naye akajibu kwamba lile lilikuwa shauri la mwenyewe, hana la kuongeza. Kimya chake kikawathibitishia. Wazee wakakubaliana kwenda boma, kwa wakubwa wake, kumshitaki, ili aondolewe, arudishwe kwao bara. Nilitamani kuwaambia ukweli, lakini siri haikuwa yangu.

Dada alikuwa kwenye foleni ya maji siku watu walipokuwa wakilipanga hilo pale bombani. Alitua debe lake chini.

"Nimeachwa," alisema. "Mume wangu harudi. Hayo ndiyo niliyokwenda kuyasema, na yule bwana alifunga mlango ili nyie msiyasikie. Sasa mmeyasikia. Anayekwenda boma kumshitaki, anishitaki na mie."