Upepo wa Kukisia

Mdogo wangu alianguka kutoka kwenye boti la kuvulia sangara katika ghuba ya Mwanza, na kesho yake baba akaja ofisini kwangu amevaa koti lake la kanisani. Hakuwahi kufika pale. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Si wewe ndiye unayekokotoa maji?" akasema. "Niambie yamempeleka wapi."

Sisi ni watu wa Kagera tuliohamia Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, na migomba yetu. Kwetu maiti ikikosekana hukatwa shina la mgomba, likavishwa sanda, likazikwa badala yake. Baba alikuwa ameshauchagua mgomba. Alinipa mpaka Jumapili, na mimi nilitaka kumzika mdogo wangu, si mgomba.

Programu yetu ilichora mwendo wa maji ndani ya ghuba tu. Pale ghuba inapokutana na ziwa kubwa ilibidi uiambie mwenyewe, saa kwa saa, kama maji yanaingia au yanatoka na upepo unavuma kutoka wapi, maana mchana hutoka ziwani na usiku hutoka nchi kavu. Ukiidanganya pale mdomoni mwa ghuba, inadanganyika mpaka ndani kabisa. Aliyekuwa akisoma vipimo hivyo alipunguzwa kazini wakati kila ofisi inapunguza watu, akarudi kwao kulima pamba, na vipimo vikakoma siku aliyoondoka. Tukabaki na kompyuta nzuri ya wafadhili na hakuna cha kuilisha. Hasira ya siku zile sijaimaliza hadi leo.

Nikajaza upepo wa kukisia. Kompyuta ikasema Busisi. Tukavuka kwa kivuko, tukapekua magugumaji mpaka miguu ikavimba, hatukuona kitu. Nikabadilisha upepo, ikasema Kigongo, ng'ambo ya pili. Tukapekua tena, patupu. Jumamosi nilipokaa kujaza upepo wa tatu, baba alinishika mkono.

"Mwanangu, hiki kitu kinajua, au kinatii tu?"

"Kinatii, baba."

"Basi kiache."

Jumapili tukazika mgomba. Mama aliulilia kwa jina la mwanawe mpaka sauti ikamkauka.

Wiki iliyofuata alikuja mvuvi mmoja na habari. Mwili ulikuwa umeonekana katikati ya magugumaji, karibu kabisa na mjini, na kwa kuwa ulikuwa umeharibika wavuvi waliuzika palepale ufukweni. Baba hakuinuka kitini.

"Mtoto wangu nimeshamzika," alisema. "Siwezi kumzika tena."

Nilikwenda peke yangu. Walinionyesha tuta la mchanga, na shati walilomvua. Kifungo chake cha juu nilikishona mimi. Nilikaa pale chini nikalia, kisha nikawaomba walitunze lile shati, kwa sababu sikuwa na mahali pa kulipeleka.

Jioni baba aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia nimetoka kazini.